Kofia Yenye Tundu la Risasi: Hotuba Kuhusu Filamu ya Vita Iliyopigwa kwa Siku 10

Hotuba hii niliitoa mbele ya vijana wanaojifunza kutengeneza filamu, jioni, kabla hatujaitazama pamoja filamu inayozungumziwa. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, na ninyi vijana mliokuja na madaftari yenu, nawashukuru kwa kunipokea.

Nimeombwa nizungumze kuhusu filamu za vita za bajeti ndogo zilizotengenezwa katikati ya karne iliyopita, pamoja na kasoro zake. Nimeona ni heri nichukue filamu moja niipekue hadi ndani, kuliko kutaja kumi kwa kupitia juu juu. Filamu yenyewe ni The Steel Helmet, yaani Kofia ya Chuma, iliyoandikwa, kutayarishwa na kuongozwa na Mmarekani Samuel Fuller. Vita vya Korea, ambamo Marekani iliisaidia Korea Kusini dhidi ya Korea Kaskazini, vilianza tarehe 25 Juni 1950. Oktoba mwaka huo huo Fuller alikuwa tayari anapiga picha zake, na Januari 1951, mwezi ule ule ambao Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, uliangukia tena mikononi mwa majeshi ya kaskazini na Wachina, Wamarekani walikuwa wameketi kwenye kumbi za sinema wakiitazama. Upigaji picha ulichukua siku 10. Fedha zilizotumika zilikuwa zaidi kidogo ya dola 100,000, kiasi ambacho studio kubwa za Hollywood za wakati ule zisingekikubali hata kwa filamu zao za kawaida kabisa.

Siku 10! Wengi wenu mnajua maana yake. Mnajua kuamka alfajiri kuliwahi jua, mnajua lokesheni ya kuazima ambayo mwenyewe anaitaka kabla ya magharibi, mnajua muigizaji ambaye kesho ana harusi ya dada yake. Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba kasoro za filamu hii nazitazama kwa jicho la mtu wa kazi, siyo la mtazamaji aliyelipa kiingilio chake akakaa kuhesabu makosa.

Nianze na zile ambazo kila mmoja wenu ataziona bila kuambiwa. Kifaru mtakachokiona ni cha plaiwudi. Milima ya Korea mtakayoiona ni vilima vya Griffith Park, bustani kubwa ya umma iliyomo ndani ya mji wa Los Angeles, na vichaka vyake ni vichaka vya California. Jeshi linaloshambulia na kushambuliwa limejazwa na wanafunzi 25 wa Chuo Kikuu cha California cha mji huo huo. Mizinga inapoanza kunguruma mtaona picha inabadilika ghafla, mwanga wake unakuwa mwingine na chembechembe zake zinakuwa nzito zaidi, kwa sababu vipande hivyo ni picha za maktaba, yaani zilizopigwa zamani kwa kazi nyingine, zilizopachikwa wakati wa uhariri. Msitu umefunikwa na ukungu mzito kupita kiasi, na mtu yeyote aliyewahi kushika kamera atatambua mara moja kwamba ukungu ule umewekwa ili kuficha mahali ambapo seti inaishia. Karibu nusu nzima ya hadithi imefungiwa ndani ya hekalu moja la Kibuddha, kwa kuwa hapakuwa na fedha za kwenda kwingine.

Je, mambo hayo yanaiharibu filamu? Nitawajibu kwa habari ya babu yangu.

Marehemu babu yangu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na mwaka 1944 alikuwa miongoni mwa vijana wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma na kupita Bonde la Kabaw katika mvua za masika ya kule, wakiwafuata Wajapani. Hakupenda kusimulia. Lakini nilipokuwa mdogo, kila filamu ya vita ilipoonyeshwa kwenye televisheni ya jirani, alikuwa akija, anaketi kwenye kigoda chake karibu na mlango, anatazama kimya. Siku moja ilionyeshwa filamu kubwa ya gharama kubwa, yenye ndege za kweli, meli za kweli na maelfu ya watu. Sisi watoto tulikuwa tunashangilia. Babu alitazama kwa muda, kisha akainuka, akasema, "Hawa hawajachoka," akaondoka zake kwenda kulala.

Hawa hawajachoka. Sentensi ile imekaa nami zaidi ya somo lolote la filamu nililowahi kufundishwa. Babu hakuuliza kama meli ni za kweli. Aliwatazama watu namna walivyosimama, namna walivyoshika bunduki, namna walivyokaa chini, na mwili wake uliojua uchovu wa vita ukamwambia kwamba watu wale wamelala vizuri, wameoga, na wamekula.

Naamini kwamba The Steel Helmet angeitazama hadi mwisho. Itazameni inavyoanza. Kofia ya chuma imejaza skrini nzima, ina tundu la risasi, na majina ya waigizaji yanapita juu yake. Tunadhani ni kofia ya marehemu. Majina yanapokwisha, kofia inaanza kuinuka taratibu, na chini yake yanatokea macho. Huyo ni Sajenti Zack, anayeigizwa na Gene Evans, mtu ambaye wakati ule hakujulikana na wengi. Amefungwa mikono nyuma, wenzake wote wameuawa wakiwa wamefungwa hivyo hivyo, na yeye anajiburuta kwa tumbo akitafuta kitu cha kukatia kamba. Kisha tunaiona miguu pekupeku ikikaribia, na mtutu wa bunduki. Hatujui ni ya nani. Ni mtoto wa Kikorea, na ndiye anayemkata kamba.

Mnaona gharama ya tukio hilo? Kofia moja, kamba, watu wawili na kipande cha ardhi. Fuller angekuwa na vifaru kumi vya kweli, huenda angeanza na vifaru. Alikosa, akaanza na macho ya mtu. Na aliyajua macho hayo, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa askari wa miguu katika Divisheni ya Kwanza ya Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akapigana Afrika Kaskazini na Sisilia, akatua ufuo wa Omaha Beach nchini Ufaransa tarehe 6 Juni 1944, na vita vilipokuwa vinakwisha Mei 1945 alikuwepo kambi ya mateso ya Falkenau ilipokombolewa. Evans naye alikuwa amepita jeshini katika vita hivyo. Ndiyo maana mtaona wanaume wenye ndevu zisizonyolewa, wanaogombana kuhusu viatu na matikiti maji, wanaokaa chini kila wapatapo nafasi. Kuna mahali luteni anamtuma askari akachukue kitambulisho cha shingoni cha maiti, ijapokuwa Zack amewaonya waiache. Maiti imetegwa bomu. Askari yule hatumwoni tena. Tukio zima limepigwa nyuma ya mawe machache, na mimi huwa bado nashtuka, ingawa nimelitazama mara nyingi.

Niwape na mfano wangu, kwa sababu nisingependa mdhani nasifu umaskini kwa kuusoma vitabuni. Miaka kadhaa iliyopita tulipiga filamu fupi yenye usiku wa mvua kubwa. Mvua yetu ilikuwa mpira wa maji na kijana mmoja juu ya bati. Maji yalitosha kulowesha kioo cha dirisha na bega la muigizaji mmoja, basi. Tukapiga dirisha na bega. Tulipoionyesha, hakuna mtu aliyeniuliza kuhusu mvua. Lakini mama mmoja mtu mzima alinifuata mwishoni, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, yule mama wa kwenye filamu yako mbona analia tu? Hana jirani? Hana kazi? Hana mtu anayemdai?" Nilikosa la kumjibu. Yule mama wa kwenye filamu nilikuwa nimemweka pale ili mwanawe, ambaye ndiye mhusika wangu, aonekane ana uchungu. Sikuwa nimemfikiria yeye hata kidogo, na kumfikiria kusingenigharimu senti tano.

Hapo ndipo ninapotaka tufike, ndugu zangu. Kuna umaskini wa mfuko, na kuna umaskini wa jicho. Wa kwanza nimeshauzungumzia, na Fuller aliushinda. Wa pili haukushindwa, na huo ndio ninaouona kuwa kasoro ya kweli ya filamu hii. Dola milioni moja zisingeuponya.

Tuwatazame Wakorea. Filamu inahusu vita vya nchi yao, juu ya ardhi yao. Ni Wakorea wangapi wana maneno ndani yake? Kuna mtoto, nami nitamrudia. Kuna mateka mmoja, afisa wa Korea Kaskazini, anayeigizwa na Harold Fong. Waliobaki ni miili inayokimbia kuelekea kwenye bunduki na kuanguka. Na kuna jambo zito zaidi. Mapema katika hadithi, Zack anawakuta watu wawili wakisali mbele ya madhabahu, wamevaa kama raia. Kumbe ni askari wa adui waliojigeuza, na wanamfyatulia risasi. Baadaye anaulizwa mtu atamtofautishaje Mkorea wa kusini na wa kaskazini, naye anajibu kwamba akikimbia pamoja nawe ni wa kusini, akikukimbiza ni wa kaskazini. Watazamaji wa mwaka 1951 bila shaka walicheka.

Sasa niwasimulie kilichotokea Korea kwenyewe, miezi mitatu kabla kamera ya Fuller haijaanza kuzunguka. Mwishoni mwa Julai 1950, wakimbizi wa Korea Kusini, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walikuwa wakihama vijiji vyao kuelekea kusini. Miongoni mwa wanajeshi wa Marekani ilikuwa imeenea hofu kwamba askari wa kaskazini wamejichanganya na wakimbizi wakiwa wamevaa nguo nyeupe za wakulima. Karibu na kijiji cha No Gun Ri wakimbizi wale walishambuliwa na ndege, wakajificha chini ya daraja la reli, na askari wa kikosi cha Marekani wakawafyatulia risasi pale chini kwa siku kadhaa. Habari hizo hazikujulikana na ulimwengu hadi mwaka 1999, waandishi wa shirika la habari la Associated Press walipozifichua. Mwaka 2005 kamati ya serikali ya Korea Kusini ilithibitisha majina ya watu 163 waliokufa au kupotea na 55 waliojeruhiwa, ikasema wako wengine wengi ambao hawakuandikishwa.

Simlaumu Fuller kwa kutojua jambo lililokuwa limefichwa. Namlaumu kwa jambo dogo zaidi, ambalo liko ndani ya uwezo wa kila mwandishi. Askari waliojigeuza raia walikuwepo, na alikuwa na haki ya kuwaonyesha. Lakini katika dakika 85 za filamu yake hakuna hata mtu mzima mmoja anayesali na akawa ni mtu anayesali tu. Hakuna mkulima ambaye ni mkulima. Mtazamaji anafundishwa hofu ile ile iliyokuwa imekaa nyuma ya bunduki kule darajani, na hapewi chochote cha kuipima. Kumweka mzee mmoja anayepita njiani na mzigo wake kungegharimu nini? Wanafunzi walikuwa 25. Mmoja angevaa kanzu nyeupe akapita.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yako mambo ambayo filamu hii ndogo ilithubutu kuyasema wakati studio kubwa zilikuwa zimekaa kimya. Kundi linalokwama hekaluni lina Koplo Thompson, askari tabibu mweusi anayeigizwa na James Edwards, na Sajenti Tanaka, Mmarekani wa asili ya Japani anayeigizwa na Richard Loo, mzaliwa wa Hawaii mwenye asili ya Kichina, ambaye studio zilikuwa zimezoea kumpa nafasi za maafisa wakatili wa Kijapani. Rais Truman alikuwa ametoa amri ya kukomesha ubaguzi jeshini Julai 1948, lakini vita vya Korea vilipoanza bado kulikuwa na vikosi vya weusi peke yao. Fuller akawakutanisha watu hawa kwa njia ya kweli ya vita, yaani kila mmoja ni mabaki ya kikosi kilichopotea.

Kisha anakuja yule mateka. Thompson anamfunga majeraha, na chupa ya dawa imetundikwa kwenye mkono wa sanamu ya Buddha, picha ambayo kwangu ni nzuri kuliko zote humo. Mateka anamuuliza: kwa nini unaipigania nchi ambayo huwezi kula pamoja na wazungu wake isipokuwa vitani, na inayokukalisha nyuma ya basi? Halafu anamgeukia Tanaka: macho yako ni kama yangu, na katika vita vilivyopita walikufungia kambini wewe na watu wako. Ni kweli tupu. Wamarekani wenye asili ya Japani wapatao 120,000 waliondolewa majumbani mwao na kufungiwa kambini kufuatia amri ya Februari 1942, na filamu hii inatajwa kuwa miongoni mwa za kwanza za Hollywood kulisema hilo waziwazi. Hebu fikirini: jambo hilo linatamkwa katika filamu ya plaiwudi, iliyosambazwa na kampuni ndogo ya Lippert, tena nchi ikiwa vitani.

Lakini sikilizeni majibu. Thompson anasema kwamba miaka mia iliyopita asingepanda basi kabisa, sasa anakaa nyuma, pengine baada ya miaka 50 atakaa katikati, na siku moja mbele, kwa kuwa mambo mengine hayaharakishwi. Tanaka anajibu kwamba yeye ni Mmarekani na alipigana vita vyake Ulaya. Mazungumzo yamekwisha. Ukweli umewekwa kinywani mwa adui, na wale wanaoonewa wamepewa kazi ya kuufunga mdomo. Thompson alisema miaka 50. Tarehe 1 Desemba 1955, hata miaka mitano haijatimia tangu filamu itoke, Rosa Parks, mwanamke mweusi, alikataa kumpisha mzungu kiti chake kwenye basi mjini Montgomery, na watu weusi wa mji ule wakayagomea mabasi kwa zaidi ya mwaka mzima. Huenda muda ule ule ambao Edwards alikuwa akiyatamka maneno yale mbele ya kamera, walikuwepo Wamarekani weusi wengi ambao wasingeyatamka kamwe. Mwandishi hakuwauliza. Na kwa kuwa Fuller alikuwa mwandishi wa magazeti kabla ya vita, mtu aliyeijua kazi ya kuuliza, mimi jambo hilo linaniuma zaidi.

Kuhusu kuuawa kwa mateka nitapita haraka, kwa kuwa ndilo linalozungumzwa zaidi na wengine. Zack, kwa hasira, anampiga risasi mateka asiye na silaha. Jeshi la Marekani lilikasirika na kumwita Fuller ajieleze. Yeye akashikilia kwamba mambo hayo yalitokea vitani na aliyaona, na kamanda wake wa zamani akathibitisha. Waliokuwa mrengo wa kushoto waliiona filamu kuwa ya kibeberu, wa kulia wakaiona kuwa ya kikomunisti. Naliheshimu tukio hilo. Zack hasafishwi. Akili yake inaharibika mbele ya macho yetu, na luteni anamwambia kosa lake usoni.

Lakini Zack aliua kwa ajili ya nini? Hapo turudi kwa mtoto.

Mtoto yule, anayeigizwa na William Chun, amepewa na Zack jina la Short Round, likiwa na maana ya risasi isiyofika inakokwenda. Zack anapomwita kwa lile neno la matusi ambalo askari waliwaitia Wakorea, mtoto anakataa, anasema yeye ni Mkorea. Kuna wakati askari mmoja anapiga kinanda wimbo wa kale wa Waskoti wa kuagana mwaka, na mtoto anasimama wima na kuuimba kwa Kikorea, kwa sababu kwake huo ndio wimbo wa taifa. Wapo wanaodhani Fuller alikosea. Alikosea kwa miaka miwili tu: Wakorea waliuimba wimbo wao wa taifa kwa lahani hiyo kwa miongo mingi, hadi serikali ya kusini ilipoichukua lahani ya mtunzi wa Kikorea Ahn Eak-tai mwaka 1948. Mtoto aliyejifunza kwa wazazi wake angeweza kabisa kuikumbuka ile ya zamani. Katika dakika ile moja, nchi nzima inaingia hekaluni. Mtoto ana lugha yake, ana watu waliomfundisha kuimba, ana kitu alichokuwa nacho kabla Zack hajatokea.

Kisha kamera inageukia kwa askari, na dakika ile hairudi tena. Mtoto ana desturi ya kuandika dua kwenye karatasi na kuibandika mgongoni. Anapouawa, karatasi inasomwa: alikuwa akiomba Zack ampende. Mateka anaidhihaki dua hiyo, na ndipo Zack anafyatua. Ona kazi aliyopewa mtoto. Alimfungua Zack kamba, akamfuata, akamwombea, akafa, ili Zack alie. Ana jina alilopewa na Zack, na kwa jina hilo anaingia kaburini. Nilipoitazama filamu hii baada ya maneno ya yule mama wa mvua, nilimwona yule mama wa filamu yangu anayelia pale pale, amekaa kando ya mtoto huyu. Hana jirani? Hana kazi? Hana mtu anayemdai?

Nimewasimulia mengi, hata vifo, na nimefanya hivyo makusudi, kwa kuwa sitaki muitazame mkisubiri kujua nani atapona. Mwishoni mtamwona Zack akibadilisha kofia yake na ile iliyoko juu ya kaburi la luteni, mtu ambaye aliiomba kofia ile akanyimwa, kisha maandishi yatawaambia kwamba hadithi hii haina mwisho. Mapigano yalisitishwa tarehe 27 Julai 1953, na mkataba wa amani haujatiwa saini hadi leo.

Nina ombi moja kabla hatujaanza. Mnapoitazama, kila anapoingia Mkorea, mdogo au mkubwa, hai au maiti, wekeni alama kwenye madaftari yenu, na kando ya alama andikeni anatoka wapi na anakwenda wapi, kwa kadiri filamu itakavyowaambia. Baadaye tutasomeana. Wa kwanza mtamwona mapema sana: itakuwa ile miguu pekupeku kwenye vumbi, kabla hamjauona uso. Naomba kijana aliye karibu na mlango atuzimie taa.